Salia Musala: Kijiji cha Nchi Tatu

Kaskazini-magharibi mwa mji wa Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, kipo kituo kidogo cha biashara kiitwacho Salia Musala, ambacho wageni wengi hukiendea kwa shabaha moja tu: kusimama mahali Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, na kupigwa picha. Hata hivyo, anayekawia kidogo hukuta kijiji chenye bashasha zaidi kuliko alivyotarajia, na historia ndiyo inayoeleza kwa nini.

Asili ya mipaka hiyo ni mkataba wa mwaka 1894, ambao kwao Uingereza ilimkodishia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mtawala wa Dola Huru ya Kongo, ukanda wa magharibi mwa Mto Nile ulioitwa Lado, kwa sharti kwamba urudishwe baada ya kifo chake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikakabidhiwa Sudan, huku wawindaji wa pembe za ndovu wakiwa wamekwisha kuivamia. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ilihamishiwa Uganda, na mji wa Arua ukaanzishwa kuwa makao makuu ya wilaya mpya. Kati ya Sudan na Kongo, mpaka ulifuata mgawanyo wa maji, yaani mwinuko unaotenganisha mito inayomiminika Nile na ile inayoelekea Kongo.

Mistari hiyo iliwapitia katikati Wakakwa, jamii ya wakulima wenye lugha ya kundi la Kibari, ambao hadi leo wanaishi katika nchi zote tatu, hivi kwamba kuvuka mpaka kwenda kuoa, kuzika au kuuza mazao mara nyingi ni kwenda kwa jamaa. Udugu huo umeokoa maisha. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, alipopinduliwa Aprili 1979, maelfu ya watu wa Arua na Koboko walikimbilia Sudan na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Miaka ya baadaye Wasudani na Wakongo nao walipokimbia vita, walipokewa West Nile, na makazi ya Lobule wilayani Koboko yanawahifadhi Wakongo.

Mazoea hayo ya kupokeana husikika katika masoko ya mpakani, ambako muuzaji huweza kumsalimu mteja kwa Kikakwa, akapatana naye bei kwa Kiswahili au Kilingala, kisha akamgeukia jirani kwa Kinubi, lugha yenye asili ya Kiarabu inayozungumzwa na wazao wa askari waliokuwa chini ya Emin Pasha katika karne ya 19. Hapohapo Koboko upo Mlima Liru, ambao mapokeo ya Walugbara, majirani wa Wakakwa, huutaja kuwa mahali alipofia Jaki, mmoja wa mashujaa wao wawili wa kale, na hivyo kuziunganisha jamii hizo mbili katika simulizi moja.

Kwa hiyo, utalii wa Salia Musala utakuwa na manufaa endapo wenyeji ndio watakaowaongoza wageni, na endapo masimulizi ya wazee wa pande zote tatu yatarekodiwa mapema, kwa kuwa alama ya mpaka huonyesha tu mahali dola zinapoishia, ilhali wazee hao wanajua jinsi watu walivyoendelea kuwa wamoja.