Kitembe na Lafudhi ya Msuka

Katika mihrabu ya msikiti uliobomoka wa Msuka, kaskazini mwa Pemba, umechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414. Mji huo ulikuwa na wenyewe karne tano kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928, ulioteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Uteuzi ule ulikusudiwa vitabu. Lakini madarasani uligeuka mizani ya kupimia hata ndimi za watoto.

Mtoto wa Kipemba asemapo "ntu" na "ntoto" hana kitembe. Ndivyo wasemavyo wazee wake: ile m hugeuka n ikitangulia t. Whiteley aliyachapa mambo ya lahaja za Pemba mwaka 1958, nayo yangali yafaa kusomwa na kila mwalimu aendaye huko.

Ama mtoto wa miaka miwili aitaye kuku "tutu", au asemaye "habali", huyo angali njiani. Sauti ya r huchelewa katika lugha nyingi. Lakini akitimiza miaka mitano na "tutu" ikabaki, hapo pana jambo, maana hakuna mtu mzima wa Msuka asemaye hivyo. Kipimo ni kinywa cha mama yake.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulitazama watoto 24 wa Dar es Salaam, wenye miaka 3 hadi 5. Ni kazi njema, ila si ya Pemba. Mwalimu akiichukua kama ilivyo hadi Msuka, atamrudi mwenye "ntu", ambaye ni mzima, na mwenye "tutu" ataachwa, ikidhaniwa kuwa ni lafudhi ya kwao.