Wiki ya Reims: Umma ulipoiona ndege kwa macho

Ndugu Wilbur na Orville Wright waliporuka Kitty Hawk, Marekani, mwaka 1903, mashahidi wao walikuwa watu watano tu. Huko Ulaya, miaka kadhaa baadaye, wengi bado waliona ni uzushi. Agosti 1908 Wilbur alirusha ndege yake karibu na Le Mans, Ufaransa, na waliombeza wakanyamaza. Hata hivyo, umati mkubwa ulisubiri mwaka mmoja zaidi.

Kuanzia tarehe 22 hadi 29 Agosti 1909, uwanda wa Bétheny, nje ya mji wa Reims, uligeuka uwanja wa maonyesho. Watengenezaji wa mvinyo wa shampeni walichangia fedha za zawadi, na majukwaa ya mbao yakajengwa. Ndege 38 ziliandikishwa. 23 zikafanikiwa kuruka. Siku ya kwanza mvua iliugeuza uwanja tope tupu, lakini watu hawakukata tamaa. Walikaa wakiitazama bendera: nyeusi ikipepea, hakuna kuruka, ikipanda nyekundu, ndege zi angani.

Mashindano yenyewe yalikuwa makali. Henri Farman alikaa angani zaidi ya saa tatu, akamaliza kilomita 180. Hubert Latham alipanda mita 155. Katika mbio za kilomita 20, Mmarekani Glenn Curtiss alimshinda kwa chini ya sekunde sita Louis Blériot, shujaa aliyekuwa amevuka mlango-bahari wa Uingereza mwezi mmoja tu kabla.

Moto wa Reims ulienea upesi. Septemba ikawa zamu ya Brescia, Italia. Oktoba, Blackpool na Doncaster, Uingereza. Januari 1910, Los Angeles. Februari mwaka huo marubani walifika Heliopolis, jirani na Cairo, akiwemo Élise de Laroche, ambaye mwezi uliofuata alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kupata leseni ya urubani.

Gharama ilikuwa nzito. Eugène Lefebvre, aliyewasisimua watazamaji wa Reims kwa mizunguko yake ya kuthubutu, alifariki katika ajali ya ndege tarehe 7 Septemba 1909. Wenzake waliendelea. Zawadi za kasi, kimo na muda wa kukaa angani ziliwapa mafundi malengo ya kuyafikia, na umma ulioshuhudia ukaanza kuidai ndege kama chombo cha safari. Usafiri wa anga tunaoutegemea leo una deni kwa marubani wale, na pia kwa maelfu waliovumilia tope ili waone.