Kutoka Utepe hadi Kadi: Kupotea na Kupatikana kwa Sauti katika Utafiti wa Fasihi Simulizi ya Bungoma na Kitale

Msiba wa mzee wa Kibukusu haumaliziki kaburini. Siku chache baada ya maziko, ikiwa marehemu alikuwa mtu wa umri na heshima, huitwa msemaji wa kumuse, naye husimama mbele ya umati, fimbo mkononi, akaenda na kurudi huku akieleza asili ya koo, uhamiaji, vita na mauti yenyewe. Umati huketi. Hakuna amkatizaye, wala hakuna awezaye kumwomba arudie. Kwa mtafiti aliyekaa pembeni na kinasa sauti, kisichonaswa siku hiyo hakitanaswa tena. Kwa sababu hiyo historia ya vyombo vya kunasia sauti katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon, tangu Bungoma hadi Kitale, si historia ya mitambo peke yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa la utepe lilikuwa dogo na la kusikika, hali kosa la kadi ya kumbukumbu ni kubwa na la kimya; na kwamba, kinyume cha inavyodhaniwa, sauti iliyopotea kadini aghalabu ingali mle ndani mpaka mwenyewe aifute kwa haraka yake.

Mkusanyo wa mapema uliohifadhika vyema haukutegemea mtambo wowote. Günter Wagner, mwanaanthropolojia wa Kijerumani, alifanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu kati ya mwaka 1934 na 1938. Chini ya uongozi wake zilikusanywa, takriban mwaka 1936, hadithi za Kibukusu zilizoandikwa kwa mkono. Wagner alifariki mwaka 1952, kabla ya juzuu ya pili ya kitabu chake kutoka mwaka 1956, na hadithi hizo zikabaki karatasini mpaka Jan de Wolf alipozitoa kwa chapa mwaka 1995. Miaka ipatayo 60 zilikaa bila kuhitaji umeme wala fundi. Kadhalika Gideon Were, aliyechapisha historia yake ya Abaluyia mwaka 1967, alitoa mwaka huo huo matini za masimulizi ya Abaluyia, Wateso na Wakalenjin wa Elgon. Matini hizo zinasomeka hadi leo. Lakini pumzi ya msimulizi, kituo chake, na toni za Kibukusu ambazo karatasi ya siku zile haikuwa na alama za kuzionyesha, hazimo.

Upungufu huo ndio uliokuja kuzibwa na utepe. Baada ya Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong kudai mwaka 1968 kwamba fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwa mojawapo, ishike nafasi ya katikati katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ukusanyaji wa fasihi simulizi ukawa kazi ya darasani. Kaseti iliyobuniwa na Philips na kuonyeshwa mwaka 1963 ilikuwa chombo cha kuifaa kazi hiyo, kwani ilikuwa nyepesi na rahisi, na duka lolote la mji mdogo liliweza kuiuza. Kaseti ilikuwa na dhila zake. Iliumwa na mashine, ikakunjamana, ikakatika. Ile ya dakika 120, ambayo utepe wake ni mwembamba mno, ilikuwa mbaya kupita zote. Hata hivyo utepe wa kaseti hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Aliyepoteza sentimita 10 alipoteza sekunde mbili za maneno, akaunga ncha kwa gundi ya karatasi, akazungusha gurudumu kwa kalamu, na masimulizi yakaendelea. Adui mkubwa wa kaseti hakuwa ufundi bali mwanadamu, aliyenasa muziki wa redio juu ya sauti ya babu.

Hapa yafaa kutaja Kitale, kwa kuwa mji huo unazo hifadhi za zamani. Stoneham, mlowezi aliyeanzisha jumba lake la makumbusho mwaka 1926, mwaka ule ule reli ilipofika mjini, aliacha mkusanyo wa wadudu, ndege na vitabu, ambao ulikuwa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa Kitale mwaka 1974. Kipepeo aliyechomwa pini amepata makao ya kudumu katika Trans Nzoia mapema kuliko wimbo wa mtu aliyelima mashamba hayo hayo.

Kadi ya kumbukumbu ilikuja na ahadi ya kuondoa dhila zote za utepe. Kumbukumbu ya namna hii, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba na kutangazwa mwaka 1984, huhifadhi habari kwa chaji za umeme, bila kitu chochote kinachozunguka. Umbo la kadi ya SD lilikubaliwa mwaka 1999, na katika mwongo uliofuata vinasa sauti vya kadi vikaingia mikononi mwa watafiti wa lugha. Kwa kipimo cha sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na mikondo miwili, saa moja ya sauti huchukua takriban gigabaiti moja. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba muda wa saa 30 hivi, sawa na kaseti 30 za dakika 60.

Ahadi hiyo ilificha jambo moja. Utepe haukuwa na orodha. Sauti ilikuwa pale ilipopita. Kadi ina orodha inayosema faili gani imeanzia wapi, na kila faili ya WAV ina utangulizi, mithili ya jalada la kitabu, unaotaja urefu wa sauti iliyomo. Katika vinasa sauti vingi urefu huo haujazwi mpaka kitufe cha kusimamisha kibonyezwe. Betri ikizimika katikati ya kumuse, au kadi ikichomolewa taa ikiwa bado inamemeteka, jalada hubaki tupu. Mtafiti aliyerudi chumbani Bungoma huona faili ya baiti sifuri, au huambiwa na kompyuta kwamba kadi haisomeki na kuulizwa kama anataka kuifomati. Hapo ndipo saa tatu za maneno ya mzee husimama ukingoni. Akikubali na kuanza kunasa mambo ya kesho yake juu ya kadi ile, amefanya kwa mkono wake lile ambalo betri haikulifanya.

Kwa kweli sauti bado ipo, kwani kilichopotea ni orodha tu. Busara ni kuitoa kadi mara moja, kuifunga isiandikwe, na kutengeneza kompyutani nakala ya kadi nzima. Kazi yote baadaye hufanywa juu ya nakala. Programu ya PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo licha ya jina lake haishughulikii picha peke yake, huipuuza orodha na kutafuta mianzo ya faili yenyewe. Pale ambapo jalada limeharibika kabisa, programu ya Audacity huweza kusoma data ghafi ikiambiwa sampuli, biti na mikondo. Jaribio la kwanza mara nyingi hutoa mvumo mkali kama wa maporomoko. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali huenda kosa ni la baiti moja au mbili tu: mwanzo ukisogezwa, mvumo hugeuka kuwa sauti ya mtu. Uokoaji huu hufaulu zaidi kwa kadi iliyoanza ikiwa tupu. Kadi ambayo faili zake zilikuwa zikifutwa moja moja huko nyanjani hutawanya vipande, na maneno ya mzee huchanganyika na mahojiano ya watu wengine.

Kuna makosa mengine ambayo si msiba, ingawa hutisha. Kijino cha plastiki kilichovunjwa nyuma ya kaseti ili isinaswe juu yake kina ndugu yake kadini, yaani kile kitelezi cha pembeni. Kikilegea au kung'oka, kinasa sauti hudai kwamba kadi imefungwa. Dawa ni ile ile ya zamani: kipande cha selotepu juu ya pengo. Kadhalika masimulizi marefu kukatwa katika faili mbili si kasoro, kwa kuwa mfumo wa FAT32 haupokei faili inayozidi gigabaiti 4, yaani saa nne na kidogo kwa kipimo kilichotajwa.

Lisilo na dawa ni kadi ya bandia. Chombo kidogo kilichomo kadini hudanganywa kutangaza gigabaiti 32 ilhali ina 8. Muda wa saa saba na nusu wa kwanza husikika vizuri. Baada ya hapo orodha huendelea kuonyesha majina na urefu sahihi wa faili, lakini ndani hamna kitu, na hakuna programu iwezayo kuokoa kisichoandikwa. Programu za H2testw na F3 huijaza kadi nzima na kuisoma tena, na kazi hiyo hufanywa siku ya kununua, si siku ya matanga.

Wala kadi iliyo nzima si ghala. Chaji zake huvuja polepole, zaidi penye joto, na watengenezaji wengi hutaja muda wa miaka 10 tu wa kuhifadhi. Wabukusu hutahiri katika mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kadi iliyonasa nyimbo za mwaka 2014 na kuachwa sandukuni pasipo kunakiliwa imekwisha kuupita muda huo.