Hukumu ya Tone la Damu na Hesabu Yake

Mwezi wa Januari mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka 10 tangu kufariki kwa Paul Terasaki wa Los Angeles, na kama ilivyo ada ya ulimwengu, wapasuaji waliopandikiza figo wamebaki maarufu, ilhali mtu aliyewawezesha kujua kabla ya kisu ni figo ipi itakayokataliwa hatajwi ila na mafundi wa maabara. Habari nyingi za makala haya zimetoka katika kumbukumbu za Thomas Starzl, mpasuaji wa Denver aliyekuwa sahibu wa Terasaki, na yafaa msomaji aliweke hilo moyoni tangu mwanzo.

Visa vya awali vinajulikana. Tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, Joseph Murray alimpa Richard Herrick figo ya pacha wake Ronald, baada ya ngozi ya mmoja kubandikwa kwa mwenziwe ikakubali. Mwaka 1958 Jean Dausset wa Paris akaeleza alama ya kwanza ya chembe nyeupe za damu. Na wakati huohuo Jon van Rood wa Leiden na Rose Payne wa Stanford wakabaini kwamba wanawake waliokwisha kuzaa aghalabu hubeba kingamwili za kupambana na alama hizo.

Terasaki, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani aliyefungiwa pamoja na jamaa zake katika kambi ya jangwani Arizona wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1964 alileta kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo mno, ambamo kiasi kisichotimia hata tone la majimaji ya damu ya mgonjwa hukutanishwa na chembe nyeupe za mtoaji, kisha yakaongezwa majimaji ya damu ya sungura na rangi. Chembe zilizo hai huikataa rangi, zilizouawa na kingamwili za mgonjwa huinywa, na fundi mwenye darubini husoma hukumu baada ya saa chache tu. Mwaka 1969, yeye na Ramon Patel wakatangaza ithibati isiyokanushika: kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa figo ingawa kipimo kilikuwa kimekataa, 24 figo zao zilikufa papo hapo, hali miongoni mwa 195 ambao kipimo kiliwakubali, walioangamikiwa hivyo walikuwa 8.

Lau angekomea hapo, angeishi kwa raha. Lakini mwaka 1970, katika mkutano wa wataalamu wa upandikizaji mjini The Hague, alisimama akasema kwamba figo zilizotolewa kwa maiti, alipozihesabu moja baada ya moja, hazikuonyesha kuwa kufanana kwa alama za damu kuliwafaa wapokeaji, ijapokuwa baina ya ndugu wa tumbo moja faida ilikuwa bayana. Aliyeyasema hayo ndiye aliyekuwa bingwa wa kulinganisha alama hizo! Waliojenga heshima yao juu ya elimu ile walighadhibika, na kwa masimulizi ya Starzl, haukupita muda fedha za serikali ya Marekani zilizokuwa zikiendesha maabara yake zikasitishwa. Hesabu kubwa za miaka ya baadaye zilionyesha kwamba ulinganifu una faida, walakini ndogo kuliko walivyodai wapinzani wake. Nami naona ni aibu ya taaluma kwamba mtu aliadhibiwa kwa kusoma daftari lake kwa uaminifu.

Suala la nani alipie vipimo hivyo lilikuja kwa njia nyingine. Mwezi wa Novemba 1971 mgonjwa wa figo Shep Glazer alisafishwa damu kwa mashine mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na tarehe 30 Oktoba 1972 Rais Nixon akatia saini sheria iliyowaingiza wagonjwa wa figo katika bima ya taifa kuanzia Julai 1973. Katika utaratibu uliofuata, vipimo vya kabla ya upandikizaji, pamoja na vya watoaji waliopimwa wakakataliwa, huandikwa katika hesabu ya hospitali ya gharama za kupata kiungo; maabara huidai hospitali, wala haimdai ndugu aliyejitolea.

Tangu hapo mashine za kuhesabu chembe na shanga za maabara zimechukua kazi nyingi ya kisahani. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo ya kwanza Novemba 2017, na tulishangilia kwa haki. Hata hivyo watoaji wetu ni jamaa. Wakijitokeza ndugu watatu, wawili wakakataliwa na kipimo, ningetaka kuiona ankara ya hospitali yoyote ya Afrika Mashariki inayosema waziwazi vipimo vya hao wawili vimeandikwa kwa nani.