Umbo, makao na uwanja wa jokofu

Mtu anayetafuta jokofu kubwa la friji na friza kwa ajili ya jiko dogo hukabidhiwa namba tatu dukani: kimo, upana na kina. Anapima pembe ya jikoni kwake, anaona sentimita 62 kwa jokofu la sentimita 60, anashukuru Mungu na kulipa. Namba zile hazikumdanganya, ila zilipima jokofu likiwa limefungwa na halijachomekwa kwenye umeme. Jokofu linalofanya kazi linahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo, na jokofu linalofunguliwa linahitaji kubwa zaidi. Wataalamu wa viwango wametenga istilahi tatu kwa hali hizo tatu. Sisi tunazisomba zote ndani ya neno moja, mara “ukubwa”, mara “vipimo”, na hasara ya ufinyu huo wa istilahi inamwangukia mnunuzi, hasa yule wa nyumba za kupanga na za ghorofa, ambaye jiko lake halina hata sentimita ya kupoteza. Napendekeza tuseme umbo, makao na uwanja.

Chanzo cha istilahi hizo ni kiwango IEC 62552 cha Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, ambacho toleo lake la mwaka 2015 ndilo linalotumika kupimia majokofu ya nyumbani katika nchi nyingi. Kipimo cha kwanza ni cha jokofu lenyewe, milango ikiwa imefungwa. Hilo ndilo umbo. Cha pili ni umbo pamoja na nafasi inayotakiwa ili hewa ya kupoozea mitambo izunguke kwa uhuru wakati jokofu linafanya kazi. Hayo ni makao. Cha tatu kinaongeza juu ya makao nafasi ya kufungua mlango hadi pembe itakayomwezesha mtu kutoa kila rafu na kila droo inayotoka; huo ni uwanja. Katika mpangilio huo hewa haikuwekwa kama nyongeza kwa mwenye bahati ya jiko pana. Imo ndani ya maana yenyewe ya mahali jokofu linapokaa.

Sababu yake iko kwenye kazi ya jokofu. Watu husema linatengeneza baridi, lakini kinachofanyika ni kuhamisha joto. Gesi inayozunguka kwenye mabomba hufyonza joto ndani, kompresa huikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya jikoni, kisha kondensa huliachia joto hilo nje. Joto lote lililotoka kwenye nyama na maji, pamoja na umeme wote ulioliwa na kompresa, huishia jikoni. Zamani kazi hiyo ilionekana wazi, kwa sababu kondensa ilikuwa wavu mweusi mgongoni na kila mtu alijua asiugandamize ukutani. Katika majokofu mengi ya leo mabomba yamefichwa chini ya bati la ubavuni. Ukiweka kiganja ubavuni mwa jokofu jipya saa chache baada ya kuliwasha utasikia joto, na wapo wanaomwita fundi wakidhani limeharibika. Halijaharibika. Joto lile ndilo lililotolewa ndani, na sentimita moja iliyobaki kati ya ubavu na kabati ndiyo njia pekee aliyoliachia mwenye nyumba.

Njia ikiziba, hewa iliyopashwa inabaki palepale na kurudi kuizunguka kondensa. Gesi inachelewa kupoa, shinikizo linapanda, kompresa inaunguruma muda mrefu zaidi, na yuniti za LUKU au tokeni zinakwisha mapema. Kwa watu wa pwani kuna jambo la ziada. Kila jokofu lina daraja la hali ya hewa, lililoandikwa kwa herufi kwenye kibandiko ambacho mara nyingi huwa ndani, karibu na droo ya mboga: N ni kwa hewa isiyozidi nyuzi 32 za Selsiasi, ST kwa nyuzi 38, T kwa nyuzi 43. Nyuzi hizo ni za hewa inayoligusa jokofu, wala si za barabarani. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, wakati nje tu pamekaribia 32 na jiko la gesi linawaka hatua mbili kutoka hapo, jokofu la daraja N lililobanwa pembeni limeshatoka nje ya mipaka yake kabla ya chakula cha mchana kuiva. Hapo ndipo maziwa yanapochacha ingawa kitufe kimewekwa kwenye baridi ya juu kabisa.

Kuna wanaopinga wakisema kwamba nyumba tele zina majokofu yaliyogandamizwa ukutani, na yanagandisha barafu miaka nenda rudi. Ni kweli yanagandisha. Kompresa nzuri hupigana na mahali pabaya kwa muda mrefu, lakini mapigano hayo yanalipiwa kila mwezi. Tena kile kipimo cha matumizi ya umeme kinachobandikwa mlangoni hupatikana maabara, kwenye hewa ya nyuzi 16 na nyuzi 32, jokofu likiwa limewekwa kama mtengenezaji alivyoelekeza. Anayelinyima jokofu makao yake hawezi kuitegemea lebo hiyo, iwe na nyota nyingi kiasi gani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: yapo majokofu ya kujengewa ndani ya kabati, hayana hata upenyo ubavuni, nayo yanafanya kazi vizuri. Lakini hewa yake imehamishwa tu. Huingia chini kupitia matundu ya ubao wa miguuni, hupanda nyuma ya jokofu, na kutokea juu ya kabati. Vijitabu vingi vya uwekaji hudai tundu la angalau sentimita 200 za mraba. Seremala anayeziba juu kwa ubao ili kabati lipendeze amelinyang’anya jokofu sehemu ya makao ambayo mnunuzi hakujua kwamba ipo. Na jokofu la kawaida, lililobuniwa kusimama peke yake, halibadiliki kuwa la kujengewa kwa sababu tu limeingizwa kabatini.

Tuone hesabu yake. Chukua jokofu lenye umbo la sentimita 60 kwa 65 kwa 185. Kwa nje linachukua lita 721 za nafasi, lakini ndani mara nyingi utapata lita 300 na ushei tu, kwa kuwa zaidi ya nusu ni povu la kuhami joto, kompresa na mabomba. Maelekezo yakitaka sentimita 5 kila ubavu, 5 nyuma na 10 juu, makao yake yanafika sentimita 70 kwa 70 kwa 195, yaani lita 955. Mwenye jiko finyu akiona hivyo hukimbilia jokofu dogo, na mara nyingi hana haja. Jiko finyu hukosa upana, ila dari yake huwa na kimo kilekile cha majiko mengine. Jokofu la upana uleule lenye kimo cha sentimita 200 badala ya 185 huongeza lita kama 30, bila kula sakafu hata kidogo, mradi juu pasiwe na kabati la kuziba hewa.

Uwanja ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mlango mmoja wa sentimita 60 ukifunguliwa mraba, ncha yake hufika kama sentimita 125 kutoka ukuta wa nyuma. Katika jiko la korido, lenye kaunta pande mbili, mlango huo unafunga njia au unagonga droo za upande wa pili. Na kufungua mraba hakutoshi kila mara: bawaba zikiwa upande wa ukuta, mlango hukwama kwenye nyuzi 90, na droo ya mboga inapovutwa hugota kwenye rafu za mlangoni, isitoke hata siku ya kuoshwa. Majokofu mengi huruhusu bawaba kuhamishiwa upande wa pili, na suala hilo linafaa kuulizwa kabla ya rangi na kabla ya kitoa maji. Ajabu ni kwamba jokofu pana la milango miwili ya kufunguka kushoto na kulia, lenye umbo la kama sentimita 91, linaweza kudai nafasi ndogo zaidi mbele yake, kwa kuwa mlango wake mkubwa hauzidi sana sentimita 50. Mwenye ukuta mrefu na njia nyembamba anaweza kufaidika na jokofu ambalo umbo lake pekee lingemtisha. Anayetumia neno “ukubwa” peke yake hawezi kulifikia wazo hilo, kwa maana kwake kikubwa ni kikubwa tu.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusiseme “nafasi” yakaisha. Nafasi imeshabeba mzigo mkubwa: ni fursa, ni wakati, ni mahali patupu. “Nafasi ya ziada”, kama wauzaji wengine wanavyosema, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu cha ziada ni kile unachoweza kukiacha. Atakayesema makao ni ya watu na asikilize wanunuzi wenyewe dukani: “Hili litakaa jikoni kwangu?” Vyombo hukaa, sufuria hukaa mekoni, na jokofu nalo hukaa, jina linatokana na kitenzi ambacho tayari kiko midomoni mwa watu. Uwanja nao ni mahali pa wazi mbele ya kitu, panapoachwa wazi kwa sababu panatumika.

Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yangeweza kudai vipimo vyote vitatu kwenye lebo ya mlangoni, kwa Kiswahili, na ningependa sana yafanye hivyo. Mpaka siku hiyo, kipimo cha pili na cha tatu vinapatikana kwenye kijitabu cha maelekezo kilichomo ndani ya boksi, kwa kawaida kwenye mchoro unaoonyesha jokofu kutoka juu, mlango ukiwa wazi. Mnunuzi amwombe muuzaji kijitabu hicho kabla ya kutoa pesa, arudi nacho nyumbani au akipige picha, na apime pembe yake upya kwa namba za mchoro huo.