Wewe ni Nani Yake?

Nilimpata Baba saa kumi na moja alfajiri, kwenye machela iliyoegeshwa ukutani kati ya mlango wa chumba cha kushonea vidonda na mlango wa choo. Tulikuwa tumemtafuta tangu saa mbili usiku. Alikuwa ametoka sokoni, bodaboda ikamgonga, wasamaria wema wakampakia kwenye pikapu wakamkimbiza hospitalini. Mahali fulani kati ya barabara na hospitali simu yake ilipotea, na waleti ikaenda nayo pamoja na kitambulisho. Kwa hivyo aliyepokelewa mlangoni hakuwa mwalimu mstaafu wa miaka 68, baba wa watoto watano. Kwenye plasta iliyozungushwa kifundoni mwa mkono wake, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: "Unknown African Male". Mwanamume Mwafrika asiyejulikana. Halafu nambari: 2.

Nambari 1 alikuwa machela ya pili, kijana wa miaka ishirini hivi, uso umevimba, kiatu kimoja tu mguuni.

"Wewe ni nani yake?" sista akaniuliza.

"Ni babangu."

"Aki afadhali umekuja. Picha ya kichwa bado haijapigwa. Hakukuwa na mtu."

Maneno hayo ya mwisho yamekaa nami tangu mwaka huo wa 2018. Hakukuwa na mtu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu hadi pa kukanyaga hakuna. Wengine walilala wawili wawili kitandani, wengine walikaa kwenye benchi wameshikilia chupa zao za dripu wenyewe. Na Baba mwenyewe, si alikuwa mtu? Lakini nilimwelewa sista. Alimaanisha hakukuwa na mtu wa kumsukuma Baba hadi chumba cha picha, kupanga foleni kwa keshia, kurudi na risiti, kupeleka damu maabara na kungoja majibu. Yeye na mwenzake walikuwa wawili kwa ukumbi mzima. Yote ambayo muuguzi anaweza kufanya akiwa amesimama kando ya mgonjwa, walikuwa wameyafanya: kidonda cha kichwa kilikuwa kimeshonwa vizuri, dripu inashuka, presha imeandikwa kwenye karatasi. Yaliyobaki ni yale yanayohitaji miguu, na miguu ndiyo hawakuwa nayo.

Nilipofika mimi, saa tisa za kungoja ziligeuka kuwa saa moja na nusu. Nililipa, nikasukuma, nikakimbia na chupa ndogo ya damu ikiwa bado na joto mkononi. Picha ikaonyesha damu imevuja ndani ya fuvu. Kufikia saa tatu asubuhi Baba alikuwa ndani ya ambulensi, anapelekwa kwa daktari wa upasuaji. Aliishi. Sikio la kushoto halisikii vizuri hadi leo na anatembea na fimbo, lakini aliishi.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ni ya umma, na aliyewahi kukesha katika moja anazijua zote. Nataka kuuliza kuhusu ile plasta, na kuhusu lile swali. Katika nchi ambayo karibu kila anayeingia hospitali ya umma ni Mwafrika, neno "Mwafrika" kwenye plasta linamsaidia nani? Na kwa nini kitu cha kwanza hospitali inachotaka kujua ni nani amekuja na mgonjwa, kabla hata ya kuuliza anaumwa wapi?

Neno hilo ni kuukuu kuliko majengo mengi ya hospitali zetu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka miwili baadaye, 1901, ikafunguliwa hospitali ya vitanda 40 iliyoitwa Native Civil Hospital, yaani hospitali ya wenyeji. Jina lilikuwa ndiyo sheria ya mlangoni. Serikali ya kikoloni iliwagawa watu kwa rangi katika makaazi, shule, jela na makaburi, na tiba haikuachwa nyuma. Ripoti za idara ya afya zilihesabu wagonjwa kwa mafungu: Wazungu, Waasia, Waafrika. Mwaka 1952 hospitali ile ikapewa jina la mfalme, King George VI. Miaka miwili baadaye, 1954, Wazungu wakafunguliwa hospitali mpya yao wenyewe, ambayo leo tunaiita Nairobi Hospital. Mtu aliyeanguka barabarani Nairobi wakati huo alihitaji kwanza kutazamwa ngozi, ndipo ijulikane apelekwe wapi.

Ngozi ilijibu swali la kwanza. La pili lilijibiwa na kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915, na vita vilipoisha ikaanza kutekelezwa kwa ukali. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina, kabila na majina ya waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wazee walikichukia kikopo hicho kuliko kodi. Waliona wamevalishwa kengele kama mbuzi. Huo ulikuwa mpango kamili: mwenyeji alijulikana kwa karatasi yake, na asiye na karatasi alikuwa mwili tu wenye rangi. Ukiyajua hayo, plasta ya babangu unaisoma kwa macho mengine. Mwanamume. Mwafrika. Asiyejulikana. Daftari la mkoloni liliachwa wazi mezani, na sisi tukaendelea kuandika pale pale alipokomea.

Ni haki kusema kwamba tulijaribu kugeuza ukurasa. Uhuru ulikuja 1963 na serikali mpya ikawataja maadui watatu wa kupigana nao: umaskini, ujinga na maradhi. Mwaka 1965 malipo ya wagonjwa wa kutibiwa na kurudi nyumbani yakafutwa katika vituo vya serikali. Mwaka 1966 ikaanzishwa bima ya hospitali, NHIF. Mwaka 1967 chuo kikuu cha Nairobi kikaanza kufunza madaktari hapa hapa, badala ya kuwategemea tu waliosomea Makerere na ng'ambo. Hospitali ya wenyeji ikawa Kenyatta National Hospital, na leo ina vitanda karibu 1,800. Baba alikuwa kijana wa shule miaka hiyo. Anasimulia alivyovunjika mkono akianguka kutoka mwembeni, akapelekwa hospitali ya wilaya, akafungwa plasta ya chokaa na kurudi nyumbani bila babake kutoa hata senti. Anasimulia kama mtu anayekumbuka nchi aliyowahi kutembelea.

Nchi hiyo haikudumu. Deni liliongezeka, wafadhili wakaweka masharti, na Desemba 1989 serikali ikaanzisha mpango wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Mwaka 1990 ada ya kujiandikisha ikasimamishwa baada ya wagonjwa kupungua vituoni, kisha kuanzia 1992 malipo yakarudi polepole. Mtindo wa dirisha la keshia tunaoujua leo ulikomaa wakati huo: lipa hapa, chukua risiti, peleka kule, ngoja, rudi. Kila hatua ya tiba ikapata dirisha lake, na kila dirisha likahitaji mtu mwenye miguu miwili na noti mfukoni. Mgonjwa mahututi hana vyote viwili.

Basi jamaa wa mgonjwa akaajiriwa bila mshahara. Hakuna tangazo lililotolewa. Ilitokea tu kwamba kazi za tarishi, karani, mpishi na msukuma machela zikahamia kwa dada, mjomba au mtoto wa mgonjwa. Siku hizi sisi Wakenya tunaijua kazi hiyo kama desturi. Mtu akilazwa, familia inagawana zamu: wewe asubuhi, yeye jioni, mwenye pikipiki akae karibu usiku. Tunabeba uji kwenye thamosi, blanketi, na pesa za glavu endapo zimeisha. Tunasema ni upendo, na ni upendo kweli. Lakini pia ni pengo la bajeti lililovaa nguo za upendo.

Na upendo hauwezi kufika mahali usipopajua. Hilo tulilionyeshwa waziwazi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani Nairobi. Watu zaidi ya 200 waliuawa na wapatao 5,000 wakajeruhiwa kwa asubuhi moja. Waliobeba majeruhi wengi wao walikuwa wapita njia, kwa magari yao, kwa matatu, kwa chochote chenye magurudumu. Watu wakapanga foleni kutoa damu kwa ajili ya wasiowajua. Lakini simu za mkono zilikuwa za wachache, na familia zilizunguka hospitali hadi hospitali, kisha mochari, zikitafuta uso. Nilikuwa mtoto, na nakumbuka jirani yetu akirudi jioni ya pili, viatu vimejaa vumbi, akisema tu, "Bado." Miaka ishirini baadaye, nikitoka kituo cha polisi kuelekea hospitali ya tatu usiku ule, neno hilo hilo ndilo nililomwambia Mama kwa simu.

Kwenye karatasi, tumesonga mbele kabisa. Katiba iliyoidhinishwa Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi mtu mwenye kadi, wala mtu aliyeletwa na nduguye. Hata hivyo Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, na akafa. Nchi ilipiga kelele. Mwaka 2017 ikapita Sheria ya Afya, ikafafanua kwamba dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kumtuliza mgonjwa, na kumpangia rufaa. Kituo chenye uwezo kikikataa, faini inafika shilingi milioni tatu. Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, ikaja SHA, na ndani yake mfuko maalum wa dharura na magonjwa mazito.

Sheria hizi ni nzuri na nitazitetea popote. Ila zote zimeandikwa zikimwogopa daktari anayekataa. Usiku ule sikuona aliyekataa. Mlinzi alifungua geti, karani akaandika, daktari akashona. Hakuna hata mmoja ungeweza kumpeleka mahakamani. Baba alinyimwa kwa kungojeshwa, na kilichomngojesha ni kazi ambayo sheria haijui kwamba ipo, ile ya kusukuma machela mita mia mbili. Ukitaka kujua kama haki ya kifungu cha 43 inafanya kazi, usimtazame mgonjwa aliyezungukwa na ndugu wanne. Tazama aliye peke yake. Haki ni ile inayomfikia mtu ambaye hakuna anayemsukumia.

Na mambo haya yana tiba isiyohitaji mitambo mikubwa. Wasukuma machela wa kutosha zamu ya usiku. Mtu mmoja wa ustawi wa jamii anayekesha, kazi yake kupiga simu na kulinganisha majina na vituo vya polisi. Damu ichukuliwe na kupelekwa na hospitali yenyewe, malipo yaulizwe mtu akishapumua. Na lile neno kwenye plasta, hata hilo tu, libadilishwe. Iandikwe saa aliyoletwa, mahali alipookotwa, rangi ya shati. Shati la Baba lilikuwa la mistari ya kijani, Mama alilishona kola mwenyewe. Kama lingeandikwa, polisi wangeniambia saa tatu usiku.

Siku nne baadaye nilirudi pale kuchukua karatasi za rufaa. Nilikuwa nimebeba uji wa ziada na viatu vya zamani vya mdogo wangu, jozi nzima. Ile asubuhi, nikimsukuma Baba, nilipita kando ya kijana yule mara nne. Mara ya tatu alifungua jicho moja akanitazama. Nilikuwa na haraka. Nilijiambia nitamshughulikia nikimaliza na wangu, halafu ambulensi ikaja.

Ukutani palikuwa na machela nyingine, na mama mzee juu yake, mabinti wawili wanampepea kwa leso. Nikamwona sista yule yule.

"Samahani sista. Yule kijana aliyekuwa hapa, nambari moja, yuko wapi?"

Alinitazama, akatazama viatu mkononi mwangu. Hakunitambua. Alivuta daftari karibu, akashika kalamu, akauliza kwa upole kabisa, kama anavyouliza kila mtu:

"Wewe ni nani yake?"