Daktari wa Karema na Gharama ya Elimu Yake



Mzee akiona siku zake zimekaribia, huwaita wanawe akawagawia mali: huyu ng'ombe, huyu shamba, huyu bunduki. Watu wa pwani tangu zamani huweka wakfu kwa ajili ya msikiti na madrasa. Lakini wasia wa kumsomesha mtoto wa ukoo mwingine, tena katika chuo kikuu, ni nadra kwetu. Huko Ulaya si jambo geni. Cecil Rhodes, aliyetajirika kwa almasi za Kimberley, alikufa mwaka 1902 akaacha mali ya kusomesha vijana katika chuo cha Oxford. Almasi zile zilichimbwa kwa jasho la Waafrika, na kwa miaka mingi kijana mweusi wa Afrika hakuionja mali hiyo.

Basi tutazame karibu na nyumbani. Mtu akitoka Mpanda akielekea magharibi hata Ziwa Tanganyika, atafika Karema. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga boma hapo, na mwaka 1885 likakabidhiwa Mapadre Weupe. Hapo ndipo alipotibu wagonjwa Adrien Atiman, ambaye elimu yake ililipwa na watu wasiomjua hata kwa sura.

Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Alikamatwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, ili vijana waliokombolewa utumwani wakae humo wakisomea udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Fedha zilitoka katika sadaka za Wakristo wa Ulaya. Atiman alisoma huko mpaka mwaka 1888.

Fadhili hiyo ilikuwa na masharti, nasi hatupendi kuyaficha. Lavigerie alitaka vijana wale wawe madaktari na makatekista, wasiwe mapadre. Waoe, na waishi kwa desturi za Kiafrika, wala wasigeuke kuwa Wazungu kwa chakula na mavazi. Kisha waende watakakotumwa. Ndivyo Atiman alivyorudishwa Afrika, lakini si kwao: toka Niger hata Tanganyika ni upana wa bara zima. Sisi walimu twayafahamu mambo haya, maana mara nyingi anayelipa karo ndiye achaguaye pia kazi ya mtoto. Twaona mwenye kutoa ana haki ya kusema fedha zake zifanye kazi gani. Kumchagulia mtu nchi ya kuishi ni jambo jingine.

Hata hivyo, Atiman alipofika Karema mwaka 1889, baada ya safari ndefu kutoka pwani, aliifanya nchi ile kuwa yake. Akamwoa Agnes Wansahira, binti wa huko. Wala hakuyadharau maarifa ya wenyeji kwa kuwa yeye alisoma Malta. Alifanya urafiki na waganga wa nchi, akajifunza kwao dawa za mizizi na majani, akazitumia pamoja na zile za kizungu. Jambo hili latupendeza kuliko yote, kwani wako wengi waliosomeshwa kwa fedha za watu wakarudi wakimcheka mganga wa kijijini.

Kardinali Lavigerie alifariki mwaka 1892, Atiman akiwa na miaka mitatu tu kazini. Waliotoa sadaka, wengi wao, nao walikwisha kufa kabla ya matunda kuonekana. Na tuhesabu: miaka saba ya kusomeshwa, kisha miaka 67 ya kutibu watu wa ziwani. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, na daktari yule alikuwa bado Karema. Alifariki huko huko mwezi wa Aprili, 1956.